Beseni la Kidawa

Ilikuwepo nchi, na nasikia bado ipo, ila usinisumbue kuniuliza iko upande gani. Mimi niliambiwa tu, na aliyeniambia aliniapisha nisimtaje. Ukisoma ukaona inafanana na nchi unayoijua, hayo ni macho yako, kayaangalishe hospitali.

Katika nchi hiyo wanafunzi wa vyuo walikimbia bure. Walikimbia, waliruka, walitupa mikuki, na watu walijaa viwanjani kuwatazama. Pesa za viingilio zilikwenda zilikokwenda, na wanafunzi walirudi bwenini kula maharage. Msidhani ulikuwa uonevu. Serikali iliwapenda mno vijana wake, ndiyo sababu. Waziri wa Michezo na Heshima alisimama bungeni, leso mkononi, akaeleza kwamba jasho la mwanafunzi ni kitu kitakatifu, na kitu kitakatifu hakiuzwi. Wabunge wakapiga meza kwa uchungu, wakapitisha Sheria ya Usafi wa Jasho, kisha wakaenda kupanga foleni ya posho. Ikaundwa pia Idara ya Wakaguzi wa Jasho, watu wa makoti meupe, ambao kazi yao ilikuwa kusimama kando ya uwanja kuhakikisha hakuna mwanafunzi anayepewa hata soda.

Sasa walikuwepo watu walioumizwa roho na sheria ile kuliko hata wanafunzi wenyewe. Hao ni Wapenzi wa Chuo. Kila chuo kilikuwa na wapenzi wake: matajiri waliosoma hapo zamani, au waliotamani kusoma hapo, au ambao hawakusoma popote lakini walipenda viti vya mbele. Walitaka timu zao zishinde, na zaidi ya hapo walitaka waonekane wakizishindisha. Mkubwa wao katika Chuo Kikuu cha Jamhuri alikuwa Bwana Ngaluma, mwenye kiwanda cha magodoro, mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya dalali wa mnada.

Bwana Ngaluma ndiye aliyepata ufunuo. Alikuwa harusini kwa mpwa wake, taarabu imekolea, akaona watu wanainuka mmoja mmoja, wanacheza taratibu hadi mbele, wanambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, wanarudi vitini wakicheza. Akamgeukia wakili wake, aliyekuwa anapambana na paja la kuku, akamuuliza kama yule mama analipwa. Wakili akasema halipwi, anatuzwa. Kulipa ni ajira, kutuza ni mila, na mila zinalindwa na katiba. Bwana Ngaluma akaiacha pilau yake pale pale.

Haukupita muda, sheria ikarekebishwa. Mwanafunzi bado halipwi, na ole wake atakayemlipa. Lakini anaweza kutuzwa, kwa masharti: atuzwe hadharani, kwa mkono, na akiwa katikati ya kuonyesha kipaji chake. Akipewa senti kabla hajaanza au baada ya kumaliza, huo ni mshahara, na mshahara ni jela. Waziri alisema huko ndiko kurudi kwenye asili yetu. Hakuna aliyeuliza inakuwaje kumbandika noti mtu anayekimbia.

*

Jibu lilipatikana kwenye mashindano ya kwanza ya kupokezana vijiti.

Chuo Kikuu cha Jamhuri kilikuwa na wasichana wanne wasioshikika. Kipande cha pili, kule ng'ambo ya uwanja mbele ya viti vya jua, alikimbia Kidawa. Kipande cha nne, hapa mbele ya jukwaa kuu lenye kivuli, alikimbia Nambua. Wawili hao walilala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, wakichangia ndoo, kitana, na beseni moja la bluu la kufulia. Kila asubuhi walikimbia pamoja barabara ya kwenda machimbo ya kokoto, bega kwa bega, na hakuna aliyewahi kumwacha mwenzake. Tofauti yao ilikuwa ndogo. Nambua alikuwa na hasira ya kushinda, na Kidawa alikuwa na paji la uso.

Siku hiyo Nambua alipopokea kijiti, Wapenzi wa Chuo walimiminika uwanjani na noti zao mkononi, Bwana Ngaluma mbele. Msichana akawapita kama hawapo. Bwana Ngaluma alijitahidi hatua chache, akaanguka kifudifudi, akatolewa nje juu ya godoro la kiwanda chake mwenyewe, na inasemekana mauzo yalipanda wiki ile. Nambua alishinda kwa mbali, akasimama kwenye utepe akihema, mikono mitupu. Aliyeondoka na noti ni msichana wa chuo cha ualimu ambaye msuli ulimbana, akawa anachechemea peke yake nyuma ya wenzake. Wapenzi wa chuo chake walimbandika mpaka akawa haoni njia.

Jambo hilo liliitishiwa kikao. Bwana Ngaluma alifika na plasta kidevuni, akasema kwa uchungu kwamba hana ugomvi na binti Nambua.

"Ana kasi, simkatalii," alisema. "Lakini kasi ni tabia ya mtu aliyeiba kitu. Sisi tunataka msanii, mtu anayetuzika."

Kidawa akaitwa. Akasimamishwa karibu na dirisha, na fundi cherehani wa chuo akampima paji la uso kwa utepe. Likaonekana linabeba noti nne kwa upana, na ya tano ikikunjwa kidogo. Kikao kikanong'ona kwa furaha. Shida ni kwamba Nambua alikuwa bingwa wa taifa, na bingwa hawezi kuhamishwa bila sababu, kwa maana nchi ile iliheshimu sana sababu. Ndipo mtu mmoja akakumbuka kwamba mwaka uliopita Nambua aliwahi kuumia kisigino.

Kocha Hizza, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu mwenye mkataba, akamgeukia Kidawa.

"Wewe unalala naye chumba kimoja. Kile kisigino chake kimepona?"

Kisigino kilikuwa kimepona zamani. Asubuhi ile ile Nambua alikuwa amepanda ngazi za bweni na ndoo ya maji kichwani huku anacheza, akajisifu kwamba hakumwaga tone. Kidawa aliyaona hayo kwa macho yake, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikuwa pia ameliona jukwaa kuu, na kivuli chake, na wale watu wote waliokuwa wanalitazama paji lake kana kwamba pamepatikana dhahabu. Akatazama sakafu. Akakohoa.

Alikohoa mara moja tu, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Katibu akaandika kwamba mjumbe amekohoa kwa masikitiko, kikao kikapitisha wasichana wabadilishane vipande, na chai ikaletwa.

*

Kuanzia hapo Kidawa akafundishwa mwendo wa kutuzika. Mgongo wima, tabasamu limefunguka, goti linapanda juu lakini mguu hauendi kokote. Mwanzoni ilimsumbua. Miguu ilitaka kwenda, na Kocha Hizza alilazimika kumshika jezi kwa nyuma akimwambia taratibu, taratibu mwanangu, kuna wazee humu. Ila mguu nao ni mtoto, unafundishika. Baada ya muda Kidawa aliweza kumaliza kipande chake huku Bwana Ngaluma anacheza kando yake, anambandika, anakwenda kunywa maji, anarudi, anambandika tena.

Na msije mkadhani Nambua hakuwa na kazi. Sheria ya mbio haikubadilika, wa kwanza kufika ndiye mshindi. Kwa hiyo Nambua, aliyepelekwa kipande cha pili kule kwenye jua, alikimbia kwa hasira zake zote, akawaacha wenzake mbali, na pengo alilolifungua lilimfikia Kidawa likiwa muda mtupu wa kutuzwa. Nambua akiongeza kasi, Kidawa anaongeza noti. Kule ng'ambo viti vilikaliwa na wauza karanga, mafundi baiskeli na wanafunzi, watu wenye makofi mengi na mifuko mitupu. Walimpigia Nambua makofi, na makofi hayabandikiki.

Kampuni nazo zikaja. Za kigeni na za kienyeji, zote zilitaka paji. Mafuta ya Nata yakampa Kidawa ubalozi, kwa sababu ukiyapaka noti haidondoki hata kwa upepo. Magodoro ya Ngaluma yakatandikwa hatua chache kabla ya utepe, na mkataba ukamtaka balozi, kabla hajamaliza mbio, ajilaze, ajinyooshe, aseme "aah", ndipo ainuke akashinde. Umati ulilipenda hilo kuliko mbio zenyewe. Nambua naye alifuatwa na kampuni moja tu, ya sumu ya panya, iliyosema inavutiwa na kasi yake. Aliwajibu kwamba yeye na panya hawajakosana.

Vyuo vingine vikaiga. Mbio zilizokuwa zinakwisha mtu hajakaa sawasawa zikawa zinachukua muda wa chakula cha mchana. Waziri alipoulizwa kwa nini rekodi za taifa zimeshuka, alijibu kwamba hazijashuka, zimetulia.

*

Kidawa alikuwa na bibi yake mzaa mama, Bi Mwatima, aliyemlea. Bi Mwatima alipiga dumbaki katika kikundi cha taarabu cha mji wao mpaka vidole vilipokataa, na Kidawa alikulia nyuma ya ngoma hizo, akilala juu ya rundo la kanga wakati watu wazima wanacheza. Kwa hiyo alikijua kitu ambacho Waziri hakukijua, wala Bwana Ngaluma, wala wakili wa paja la kuku. Mbele ya kila kikundi huwekwa beseni. Mwimbaji akituzwa, anazitoa zile noti usoni anazitia beseni, na shughuli ikiisha watu wanalikalia kitako, wanagawana wote, mwimbaji, mpiga fidla, mpiga dumbaki, mpaka yule anayebeba viti. Hakuna mtu aliyewahi kumbandika Bi Mwatima noti hata moja maishani mwake, na watoto wake wote walisoma kwa beseni lile.

Serikali iliichukua mila, ikaliacha beseni harusini. Si kwa ubaya. Mle bungeni hapakuwa na mtu aliyewahi kukaa upande wa nyuma wa taarabu.

Bibi alipiga simu baada ya ushindi wa kwanza.

"Nimekuona kwenye runinga wanakutuza," alisema. "Mungu akuzidishie. Ila beseni sikuliona."

"Lipo, bibi," Kidawa akajibu. "Kamera haikulifikia."

"Ahaa. Nikasema mimi, mjukuu wangu hawezi kula peke yake."

Alipokata simu Kidawa alilitazama beseni la bluu pale chini ya kitanda, lina soksi za Nambua ndani, zimelowekwa. Moyo ulimsuta hata akainuka akaenda kuzifua yeye. Nambua aliporudi akazikuta kwenye kamba, akauliza nani kamfanyia hisani, Kidawa akasema alikuwa anafua zake tu.

Najua wapo watakaouliza, kwani si angempa mwenzake fungu lake chumbani, mlango umefungwa? Maswali ya watu wasioheshimu sheria hayo. Nambua chumbani hakimbii, na kumpa pesa mwanariadha asiyekimbia ni mshahara, na mshahara ni jela. Kidawa mwenyewe alijiuliza hivyo, akajijibu hivyo. Jibu lilikuwa zuri, limenyooka, halina tundu. Lilimfaa sana, na kwa jinsi lilivyomfaa ndivyo lilivyomkosesha usingizi. Alikuwa akigeuka huku na huku juu ya godoro la Ngaluma, upande wa pili Nambua anakoroma kwenye sponji la chuo, na mkataba ulimkataza kumwambia mtu yeyote kwamba halali.

Akaanza mambo madogo madogo. Ananunua mkate, anakula kipande, anasema ameshiba. Ananunua sukari nyingi kwa bahati mbaya. Nambua alikula, akashukuru, wala hakuuliza. Kidawa alitamani aulize. Mtu akikuuliza unaweza angalau kumdanganya, lakini asipouliza unabaki na lako.

*

Msimu ulipokaribia kuisha, Wapenzi wa vyuo vyote walikutana hotelini wakatia saini Mapatano ya Kusubiriana. Waliona kwamba si ustaarabu chuo kimoja kituzwe muda mrefu kuliko kingine. Kuanzia msimu ujao wakimbiaji wote wa kipande cha nne wangengojana, wakatuzwa sawa, wakafika pamoja wameshikana mikono, na mshindi angepatikana kwa mazungumzo.

Uamuzi huo ulipokelewa kwa shangwe nchi nzima. Kocha Hizza peke yake ndiye aliyekwenda kukaa nyuma ya bohari la mipira, kwa sababu alijua hesabu inayofuata. Kama hakuna tena haja ya pengo, hakuna haja ya kasi. Kikao kikaona kipande cha pili ni mzigo, kikakiuza kwa mtoto wa mwenye vituo vya mafuta, aliyetaka kuonekana kwenye michezo kabla hajagombea ubunge. Nafasi ya Nambua chuoni ilikuwa ya michezo. Ikiondoka nafasi, kinaondoka kitanda, chakula na darasa. Akimaliza fainali atarudi kwao, mwaka mmoja kabla ya shahada.

Kidawa aliambiwa na Kocha. Akapiga moyo konde aende akamwambie mwenzake yote, na kikohozi pia. Alimkuta amekaa kitandani na kitana mkononi, anamngoja, maana ilikuwa kesho yake ndiyo fainali, na kila mashindano Nambua ndiye aliyemsuka. Alimsuka twende kilioni, nywele zote nyuma, ili paji libaki wazi.

"Kaa," Nambua akasema. "Paji hili lingekuwa shamba, tungekuwa na mahindi mpaka mwakani."

Kidawa akakaa chini katikati ya magoti yake. Vidole vya Nambua vilikuwa vyepesi siku zote. Alisuka mistari miwili, mitatu, akiimba chinichini, ndipo Kidawa akasema anajua habari ya kipande cha pili.

"Nami najua," Nambua akasema. "Niliambiwa jana. Geuza kichwa."

Akageuza.

"Siku ile ya kikao," Nambua akasema, "walikuuliza kisigino changu?"

"Waliniuliza."

"Ukasemaje?"

"Sikusema kitu."

"Hukusema kitu," Nambua akarudia, polepole, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Vidole vikasimama, kisha vikaendelea. Mstari uliofuata aliuvuta mpaka nyusi za Kidawa zikapanda, na machozi yakamtoka, na Kidawa alishukuru kwamba yalikuwa na kisingizio. Nambua alimaliza kichwa chote, akapaka mafuta njia za nywele, akamfuta shingo kwa upande wa kanga. Hakuiharibu kazi hata kidogo. Paji lilitoka pana kuliko siku zote.

*

Asubuhi Kidawa alichukua noti zote alizokuwa nazo, akazitia kwenye beseni la bluu, akazifunika na taulo. Alikuwa amelifikiria sana. Sheria inasema hadharani, kwa mkono, mtu akiwa katikati ya kuonyesha kipaji. Haisemi mtuzaji lazima awe tajiri, wala haikatazi mkimbiaji kumtuza mkimbiaji. Leo ndiyo mara ya mwisho Nambua anakimbia, baada ya hapo hakuna njia ya halali ya kumpa chake. Angevuka uwanja, angekimbia naye bega kwa bega kama kule machimboni, na angembandika fungu lake mbele ya taifa zima. Fungu tu? La, zote. Na watu wakiuliza kwa nini, atasema, na kikohozi atakisema.

Uwanja ulijaa. Waziri alihutubia mpaka wauza maji wakamaliza maji. Alisema taifa linalokimbia ni taifa lisilojua linakokwenda. Wapenzi walikuwa wamepanga foleni kwenye mstari wa mbele, noti mpya zinanukia, Bwana Ngaluma amevaa raba nyeupe alizonunua kwa ajili ya siku hiyo. Magodoro yalikuwa yametandikwa.

Bastola ilipolia, Kidawa aliacha alama yake ya kipande cha nne, akabeba beseni, akaanza kukatiza nyasi kuelekea ng'ambo. Mkaguzi wa Jasho mmoja alimpigia filimbi, akaona ni balozi, akaimeza filimbi yake. Kidawa alifika mstari wa kipande cha pili wakati Nambua anapokea kijiti. Akachota noti mkono wa kulia, beseni kiunoni, akageuka aelekee upande mmoja na mwenzake, akaanza kukimbia.

Au alidhani anakimbia. Goti lilipanda juu vizuri sana. Mgongo ulikuwa wima. Na uso wake, Mungu wangu, uso ulitabasamu wenyewe bila kuambiwa. Aliiamrisha miguu iende, akaikumbusha barabara ya kokoto, akaitukana, na miguu ikapanda na kushuka pale pale kwa madaha, kama ilivyofundishwa. Alisikia nyuma yake hatua zinakuja. Alizijua hatua zile hata usingizini. Akanyoosha mkono wenye noti.

"Nipishe," Nambua akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyomwambia mtu yeyote aliyesimama mlangoni. Kidawa akapisha, na Nambua akapita, na upepo wake ukazichukua zile noti mkononi ukazitawanya kwenye nyasi. Kidawa alimfuata kwa macho. Alikuwa anakimbia kweli yule msichana. Viti vya jua vilisimama vyote, wauza karanga wakipiga sinia zao, na kwa muda ule mfupi uwanja mzima ukakumbuka mbio zilikuwaje. Alimfikishia kijiti msichana wa kipande cha tatu, akapunguza mwendo, akasimama. Akavua viatu, akavifunga kamba pamoja, akavitupia begani, akatoka kwa mlango wa watazamaji bila kugeuka nyuma.

Msichana wa kipande cha tatu alifika kwenye alama ya nne akakuta hakuna mtu. Akabaki amenyoosha kijiti. Wakimbiaji wa vyuo vingine, kwa heshima ya Mapatano ambayo hata hayajaanza, wakasimama kumngoja mwenzao, na kwa jinsi hiyo zile mbio hazijaisha kisheria mpaka leo.

Kidawa alikuwa amepiga magoti kule ng'ambo, beseni mbele yake, analia. Alilia kilio cha sauti, cha kamasi, hakuwa na nguvu ya kujificha. Alitaka kusema. Alifungua mdomo aseme, lakini kilio kilikuwa kimeshika njia.

Jukwaa kuu likashangaa kidogo. Kisha Bwana Ngaluma akainuka, machozi yanamlengalenga, akatangaza kwa ile sauti yake kwamba katika miaka yote ya kutuza hajaona sanaa iliyomgusa kiasi hiki. Mkaguzi Mkuu wa Jasho akaulizwa haraka kama mtu anayelia anahesabiwa yuko katikati ya kuonyesha kipaji. Akafikiri, akasema ndiyo, mradi ni hadharani. Foleni ikaanza kuvuka uwanja ikicheza taratibu. Bwana Ngaluma alitangulia, akambandika ya kwanza pajini, Mafuta ya Nata yakaishika. Wakafuata wengine. Paji lilipojaa wakaliona beseni, wakafurahi kwamba balozi amefikiria kila kitu, wakaanza kutia humo. Waziri naye akatia. Likajaa mpaka noti zikawa zinasimama.

Kidawa aliporudi chumbani alikuta kitanda cha pili kimetandikwa vizuri, na juu ya mto wake yeye kumewekwa kitana. Ndoo ilikuwepo, imejazwa maji. Akakaa sakafuni na beseni lake mapajani. Hapo ndipo simu ilipoita.

"Leo nimeliona," Bi Mwatima akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Nimeliona beseni, mjukuu wangu, nimewaita na majirani walione. La bluu. Limejaa pomoni. Nikawaambia, yule amelelewa. Haya niambie, na yule mwenzako mwembamba, yule anayekimbia kule kwenye jua, mmempa chake?"

Kidawa akakohoa.